Dero, Mabati na Mashine ya Kukausha Hewa: Historia Fupi ya Unyevu Ghalani

Najua nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Kuna programu ya mteja iliyonikosesha usingizi, na stima nayo imekuwa ikicheza kama kawaida yake. Leo siandiki kuhusu msimbo wala simu mpya. Naandika kuhusu mahindi, maji yaliyomo hewani, na swali nililoulizwa na binamu yangu Januari hii.

Binamu anaishi Sheffield, Uingereza, katika nyumba ya zamani ya kupanga yenye chumba chini ya ardhi. Huko ndiko anakoweka masanduku, viatu na baiskeli. Majira ya baridi yalipoingia masanduku yakaota kuvu. Akanunua dihumidifaya, yaani mashine ya kukausha hewa, iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inatoa lita 12 za maji kwa siku. Baada ya wiki moja alikuwa anapata chini ya lita moja kwa siku. Akanipigia: "Omera, wewe ndiye ulisoma kompyuta. Hii mashine imekufa ama nimeibiwa?"

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya ghala letu hapa Katito, na harufu aliyokuwa akinielezea ndiyo niliyokuwa nikiinusa. Nitamjibu mwishoni. Kwanza nataka tupitie historia ya jambo hili, kwa sababu nimegundua kwamba tatizo lake na letu ni moja.

Kwa wasioijua Katito: ni soko letu la Nyakach, kaunti ya Kisumu, pale barabara ya kutoka Ahero kwenda Sondu na Kisii inapoachana na ile ya Kendu Bay na Homa Bay. Hatuna majira ya baridi. Hatuna nyumba zenye vyumba chini ya ardhi. Na bado, bila mtu yeyote kukusudia, tumejijengea vyumba hivyo juu ya ardhi. Nitaeleza.

Ndoo inayobadilika ukubwa

Chukulia hewa kuwa ni ndoo ya maji, ila ndoo yenyewe hupanuka kukiwa na joto na husinyaa kukiwa na baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 0 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 4.8 hivi za mvuke. Kwa nyuzi 10 hubeba 9.4, kwa nyuzi 20 hubeba 17.3, na kwa nyuzi 30 hubeba 30.4. Mtu akikwambia unyevu wa hewa ni asilimia 50, hakwambii kuna maji kiasi gani. Anakwambia ndoo imejaa nusu. Ukitaka kujua maji ni mangapi lazima ujue pia ukubwa wa ndoo, yaani joto.

Watu walianza kupima jambo hili zamani. Katika karne ya 15 Nicholas wa Kues, kardinali wa Kijerumani, alipendekeza kuweka sufu kwenye mizani na kutazama inavyoongezeka uzito hewa ikiwa nyevu. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alichapisha kitabu kuhusu kipima unyevu chake kilichotumia unywele wa binadamu, kwa kuwa unywele hurefuka kidogo hewa inapokuwa na unyevu mwingi. Dada yeyote aliyewahi kunyoosha nywele kisha akatembea mjini Kisumu mwezi wa Aprili angeweza kumweleza Saussure habari hiyo bila kitabu :-)

Sasa tuifanyie hesabu Katito. Mchana wa jua kali, nyuzi 30, unyevu asilimia 50. Unasema, hewa hii ni kavu, acha niianikie mahindi. Na ni kweli. Lakini ndani ya kila mita ya ujazo kuna gramu 15.2 za maji. Usiku joto linashuka. Bati likifika nyuzi 18, ndoo ya hewa inayoligusa inaweza kubeba gramu 15.4 tu. Imejaa pomoni. Bati likifika nyuzi 17, ndoo inamwagika, na matone yanaanza kuning'inia chini ya paa. Hakuna mvua iliyonyesha. Hakuna bati lililotoboka. Ni hewa ya mchana iliyofungiwa ndani na kukutana na kitu baridi.

Hicho ndicho kinachotokea kwenye ukuta wa chumba cha chini cha binamu. Yeye ana ukuta baridi wa mawe, sisi tuna bati la usiku na sakafu ya saruji.

Dero haikuwa kikapu tu

Nyanya yangu (sisi humwita Dani) aliolewa katika boma lenye dero tatu. Kwa wasio Wajaluo, dero ni ghala la nafaka lililosukwa kwa fito kama kapu kubwa la duara, likainuliwa juu ya mawe au miti, na kufunikwa kwa paa la nyasi lenye ncha. Ukitaka nafaka unalisukuma paa upande mmoja na kuingiza mkono.

Nilipokuwa mdogo niliona dero kama kitu cha jumba la makumbusho. Nikiitazama leo kwa jicho la mtu anayebuni mifumo, naona kila sehemu ina kazi. Kuinuliwa kunaizuia kunyonya maji ya ardhini, na upepo unapita chini yake. Kuta za fito hazifungi hewa. Upepo wa mchana unaotoka ziwani hupita katikati ya nafaka na kuondoka na maji. Paa la nyasi halipoi haraka usiku kama bati, kwa hiyo halitoi jasho. Na nafaka ya enzi hizo ilikuwa hasa mtama na wimbi, punje ndogo ngumu zilizokauka vizuri shambani. Hata mahindi yalipoingia, yaliwekwa yakiwa bado kwenye magunzi, na kati ya gunzi na gunzi kulikuwa na nafasi ya hewa.

Kwa maneno mengine, dero ilikuwa mashine ya kukausha hewa isiyotumia stima. Haikuifukuza hewa nyevu kwa nguvu. Iliiacha ipite. Usiku nafaka ilinyonya unyevu kidogo, mchana ikaurudisha, na kwa wastani wa siku nyingi ikazidi kukauka.

Saruji, mabati na mdudu

Mwaka 1824 Joseph Aspdin wa Leeds alipewa hataza ya saruji aliyoiita Portland. Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer, mhandisi wa London, akapata ya mabati ya mikunjo. Hakuna kati yao aliyefikiria Nyakach. Lakini reli ilifika Port Florence, ambayo leo ni Kisumu, Desemba 1901, na nyuma ya reli zikaja bidhaa za madukani, mabati yakiwemo. Polepole nyumba ya bati ikawa alama ya mtu aliyeendelea, na ghala nalo likafuata nyumba.

Mahindi nayo yakaongezeka. Mwaka 1964 Kitale walitoa mbegu chotara ya H611, na chotara zilizofuata zikabadilisha kiasi ambacho familia ingeweza kuvuna. Halafu akaja mdudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Tabora, Tanzania, walianza kumwona dumuzi mgeni kutoka Marekani ya Kati. Mwaka 1983 alionekana Taveta, upande wetu wa mpaka. Watanzania walimpa jina la lori, Scania. Baadaye Wakenya wakamwita Osama. Ana tabia mbili zinazoikomoa dero moja kwa moja: anapenda mahindi yaliyo kwenye magunzi, na anatoboa hata mbao.

Sisi waandika programu tunapenda kusimulia kwamba Septemba 9, 1947, kule Harvard, mafundi walitoa nondo ndani ya kompyuta ya Mark II na kumbandika kwenye daftari la kazi. Mdudu halisi wa kwanza. Basi dumuzi ni mdudu wetu, na yeye aliangusha mfumo mzima. Ushauri wa wataalamu wa kilimo ulikuwa wa busara: pukucheni mahindi, changanyeni na dawa, yawekeni kwenye magunia. Ukijumlisha wezi, uhaba wa miti ya kusukia, na vijana waliokwenda mjini bila kujifunza kusuka, dero ikafa. Magunia yakaingia ndani ya nyumba ya bati, yakapangwa juu ya saruji, na mlango ukafungwa kwa kufuli.

Mdudu alishughulikiwa. Lakini marekebisho yakazaa kosa jipya, kama tunavyofanya kazini kila Ijumaa jioni. Mahindi yaliyopukuchwa hayapitishi hewa kama magunzi. Gunia la katikati halioni upepo kabisa. Na chumba kina sakafu baridi, paa linalotoa jasho, na mwanya mdogo kati ya ukuta na bati. Mwanya huo unatosha kuingiza hewa nyevu usiku kucha, lakini hautoshi kupitisha upepo wa kuikausha mchana.

Njia ya pili: kufunga kabisa

Sitaki mfikiri kwamba hekima yote ilikuwa kwenye ghala la wazi. Kuna njia nyingine ya kale iliyo kinyume chake. Wasomali wa maeneo ya kilimo walihifadhi mtama ndani ya mashimo ardhini waliyoyaita bakaar, yakafunikwa udongo hadi siku ya njaa. Chini ya ardhi kabisa! Nafaka ikiwa kavu na shimo likiwa limefungwa vizuri, wadudu na nafaka yenyewe hutumia oksijeni iliyopo hadi ikapungua, na wadudu wanakufa.

Kenya iliijaribu njia hiyo kwa kiwango kikubwa. Katikati ya karne ya 20 yalijengwa Kitale na Nakuru maghala ya saruji ya mtindo wa Kupro, nusu yake yakiwa ardhini, ya kuweka mahindi ya akiba ya njaa. Hivyo ukiniuliza kama Kenya iliwahi kuwa na vyumba vya chini vyenye tatizo la unyevu, jibu ni ndiyo, na ndani yake kulikuwa na chakula cha taifa. Kanuni ilikuwa moja: mahindi lazima yaingie yakiwa makavu, kwa sababu ukishafunga huna njia ya kutoa maji. Na hata yakiwa makavu, tofauti ya joto la mchana na baridi ya usiku husogeza mvuke kutoka sehemu yenye joto kwenda iliyo baridi, kwa hiyo tabaka la juu ndilo la kuchunga.

Magunia ya kisasa yasiyopitisha hewa ni wajukuu wa wazo hilohilo. Yale yanayoitwa PICS yalianzia kaskazini mwa Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, katika kazi ya Larry Murdock wa chuo kikuu cha Purdue na wenzake, kwa ajili ya kunde. Leo yanauzwa kwenye maduka ya agroveti hata huku kwetu.

Njia ya tatu: kuifanyia hewa kazi

Mashine ya binamu ina babu yake Brooklyn, New York. Mwaka 1902 kiwanda cha uchapishaji cha Sackett-Wilhelms kilikuwa na shida: karatasi zilivimba na kusinyaa kufuatana na unyevu, kwa hiyo rangi moja ilipochapwa juu ya nyingine hazikukutana. Kazi ya kutafuta dawa ilimwangukia Willis Carrier, mhandisi aliyemaliza Cornell mwaka uliotangulia. Alikuwa na miaka 25. (Mimi nimeshampita umri na sijavumbua chochote.) Alibuni mfumo wa kupitisha hewa juu ya mabomba baridi ili maji yadondoke, na kuuweka unyevu kwenye asilimia 55 mwaka mzima. Zingatia hilo: kiyoyozi kilianza kwa lengo la kulinda karatasi dhidi ya unyevu, kabla ya mtu kufikiria kumpoza binadamu.

Mwaka huohuo, akiwa kwenye jukwaa la treni lenye ukungu kule Pittsburgh, akapata wazo linalosikika kama wazimu: unaweza kukausha hewa kwa kuinyunyizia maji. Maji yakiwa baridi ya kutosha, mvuke wa hewa hugandamana nayo, na hewa inatoka ikiwa na kiasi cha maji unachokitaka. Hataza yake ilitoka 1906, na mwaka 1911 aliwasilisha kwa wahandisi wenzake kanuni za hesabu ambazo bado ni msingi wa kazi hiyo.

Kuna tawi lingine. Mwaka 1919 Walter Patrick wa Johns Hopkins alipata hataza ya silika jeli, zile punje ndogo kwenye kijipakiti ndani ya boksi la viatu vipya. Hazipozi kitu. Zinanyonya mvuke tu, na ukizipasha moto zinautoa tena. Kwa hiyo leo kuna dihumidifaya za aina mbili: za kompresa, zinazopoza hewa kama friji, na za kunyonya, zinazotumia gurudumu lenye kemikali ya namna hiyo. Wekeni tofauti hii akilini, binamu anaisubiri.

Kwa nini si mchezo

Mwaka 1960 huko Uingereza zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Chanzo kilipatikana kwenye chakula chao cha karanga kutoka Brazil kilichoota kuvu. Ndipo dunia ikaijua aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu.

Sisi tuliijua kwa njia mbaya zaidi. Mwaka 1981 watu 12 walikufa Machakos. Halafu kati ya Januari na Julai 2004, hasa Makueni na Kitui, wagonjwa 317 walirekodiwa na 125 kati yao walikufa. Uchunguzi ulionyesha chanzo kilikuwa mahindi yaliyolimwa nyumbani na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Watu walikuwa wamevuna, wakaogopa wezi na njaa, wakayaingiza mahindi ndani kabla hayajakauka. Walifanya kile ambacho yeyote kati yetu angefanya. Na si mambo ya vijijini pekee: Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hiyohiyo.

Kupika ugali hakuiondoi. Kuosha hakuiondoi. Ukimpa ng'ombe, sehemu yake inarudi kwenye maziwa.

Nilivyojaribu kukausha Ziwa Victoria

Mavuno ya Agosti mwaka jana tuliingiza magunia kumi. Mvua za alasiri zilikuwa zimetuandama na hatukuanika vya kutosha. Wiki ya tatu ghala likaanza kunuka. Mimi, kwa kiburi cha digrii, nikaweka sensa ya bei nafuu ya joto na unyevu iliyounganishwa na kibodi kidogo cha elektroniki, ikirekodi kila dakika 10. Grafu ilikuwa nzuri sana na ya kutisha: kila usiku baada ya saa sita unyevu ulipanda juu ya asilimia 90. Ili mahindi yenye maji asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango chetu cha usalama, yabaki hivyo, hewa inayoyazunguka inatakiwa kuwa kwenye asilimia 65 hadi 70 hivi.

Nikapata dihumidifaya ndogo ya mtumba Kisumu. Nikaiwasha kwa fahari. Asubuhi tangi lilikuwa limejaa lita mbili. Nikamwaga, nikawasha tena. Asubuhi ya pili lita mbili nyingine. Wiki nzima! Nilimwonyesha Dani yale maji kama mtoto aliyeshika samaki. Lakini nilipofungua grafu, mstari haukuwa umeteremka. Mwanya uliokuwa chini ya bati ulikuwa ukiingiza maji kwa kasi ileile niliyokuwa nikiyatoa, na tokeni za stima zilikuwa zikiyeyuka. Nilikuwa najaribu kukausha Ziwa Victoria kwa mashine ya lita mbili.

Hata kama ghala lingebana, hesabu ilikuwa dhidi yangu. Gunia la kilo 90 lenye maji asilimia 18 lazima lipoteze karibu kilo 4.7 za maji ili lifike 13.5. Magunia kumi ni lita 47, na maji hayo yako katikati ya punje, siyo hewani.

Magunia matatu yalikuwa yameharibika. Dani alitaka tuyaoshe, au angalau kuku wapewe. "Nyakwara, utatupa chakula?" aliniuliza. Mtu aliyepitia miaka ya njaa akikuuliza hivyo, huna jibu la haraka. Sikuwa na kifaa cha kupima sumu. Nilikuwa na pua, na habari ya 2004. Nilimsimulia kuhusu Makueni. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Dero haikuwa na mlango." Tukachimba shimo, tukayafukia.

Nimelifikiria sana lile neno lake. Historia yote niliyoieleza hapo juu ina miundo miwili tu inayofanya kazi. Wa kwanza ni wa wazi kabisa: dero, ambamo upepo ndio unaokausha. Wa pili ni wa kufungwa kabisa: bakaar, maghala ya Kitale, gunia lisilopitisha hewa, au kiwanda cha Carrier ambamo mashine inatawala hewa yote. Ghala letu halikuwa hili wala lile. Tulihama kutoka mfumo wa zamani na hatukufika kwenye mpya. Aliyewahi kuhamisha hifadhidata ya kampuni na kusimamia nusu njia anajua uchungu wake: unabeba makosa ya pande zote mbili.

Tulichofanya, na jibu la binamu

Mavuno yaliyofuata tuligawa kazi. Ukaushaji tumeuacha kwa jua na upepo, nje, juu ya turubai, na mtu wa kukimbia nalo wingu likitanda. Kupima tunatumia chupa: chumvi iliyokaushwa kwanza kwenye sufuria, kijiko kimoja, ndani ya chupa kavu yenye mahindi hadi theluthi. Unatikisa, unaacha kama dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji zaidi ya asilimia 15 hivi. Isiposhika, sisi bado tunaanika siku moja au mbili zaidi, maana 15 si 13.5. Dani ana kipimo chake: anauma punje na kusikiliza mlio. Mpaka sasa yeye na chupa hawajapingana. Baada ya hapo tunafunga kabisa, kwenye magunia yasiyopitisha hewa, juu ya fremu ya mbao, mbali na ukuta. Mashine nimeihamishia chumba changu cha kazi, chenye dari na mlango unaobana, na huko inafanya kazi vizuri.

Kwa hiyo, binamu, haya ndiyo majibu yako. Kwanza, hujaibiwa na mashine haijafa. Lita 12 za kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwenye nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, yaani hali ya hewa ya kwetu, siyo ya chumba chako chenye nyuzi 12. Katika baridi hiyo mabomba ya kompresa huganda barafu na mashine husimama kila mara kuiyeyusha. Ukinunua nyingine, tafuta ile ya kunyonya.

Pili, kabla ya kununua, tumia hewa ya bure. Nje kukiwa na nyuzi 5 na unyevu asilimia 90, hewa hiyo ina gramu 6.1 tu za maji. Ikiingia chumbani kwako na kupata nyuzi 12, inakuwa kwenye asilimia 57. Unaona ajabu hiyo? Siku ya baridi inayoonekana nyevu ndiyo inayokukaushia. Fungua tundu la hewa mchana. Majira ya joto fanya kinyume: hewa ya nje ya nyuzi 22 na asilimia 70 ina gramu 13.6, na chumba chenye nyuzi 14 kinaweza kubeba 12.1 tu. Hapo ukifungua unajimwagia maji.

Tatu, ukiwasha mashine, funga. Ukifungua, zima. Usifanye vyote viwili kwa pamoja kama nilivyofanya mimi.

Na masanduku yainue kutoka sakafuni. Dani anasema hilo halihitaji digrii.

Haya, ngoja niwahi kabla stima haijapotea. Kama una ghala la bati kwenu, ingia leo saa kumi na moja alfajiri, inua mkono, na uguse paa kwa ndani. Kisha niandikie ulichokikuta. Tuonane tena.